Mashua ya mjomba imepakwa rangi mpya, nami nina milioni nne tu

Shikamoo Nahodha,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, nina mke na watoto wawili. Nimezaliwa na kukulia Singida. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nilipokuja kuripoti kazini, na tangu siku hiyo haijanitoka kichwani. Kuogelea nimejifunza ukubwani, Raskazone. Jirani yangu ni mvuvi na amekuwa akinichukua kwenye ngalawa yake siku nikiwa na nafasi. Nimeshika usukani, nimeshika demani, ile kamba ya kuongozea tanga, hata kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, nimeanza kukuelewa ingawa bado ananipigia kelele.

Sasa nataka chombo changu. Si cha biashara. Nataka Jumamosi nitweke tanga, niwapeleke watoto nyuma ya kisiwa cha Toten au hadi Ulenge, nitupe mshipi, jioni turudi. Nimeweka akiba, na mgao wa kikoba umeingia. Jumla nina milioni nne, na baada ya hapo hakuna kitu mpaka mwakani.

Mjomba wa mke wangu yuko Pangani. Ana mashua ya futi 22 iliyokuwa ya marehemu baba yake. Tangu msimu wa upepo wa kusi mwaka jana imepandishwa nchi kavu, iko chini ya mti wa mkungu. Nilipokwenda kuiangalia nilikuta imepakwa rangi mpya kabisa, kijani na nyeupe, na jina limeandikwa upya omoni, kule mbele. Anataka milioni tatu na laki nane. Anasema mgeni angemwambia tano, ila mimi ni mkwe. Nilipomwomba nije na fundi aiangalie alicheka mbele za watu, akasema, "Mwalimu, kumbe unanipima?" Mke wangu naye kaniambia nisimtie aibu kwa wajomba zake.

Wakati huo huo jirani yangu anauza ile ngalawa yake laki tisa, kwa kuwa amepata hisa kwenye boti ya faiba. Kwa sura ni mbaya: rangi imebanduka, tanga lina viraka. Lakini kila siku iko majini.

Nichukue ipi? Nitaikaguaje mashua bila kumvunjia heshima mkwe? Tanga la turubai linafaa? Na kama fedha itabaki, ninunue mashine ya kufunga nyuma?

Mwalimu wa Bara, Tanga

*

Marahaba, mwalimu.

Nianze na jibu ili usisome huku roho iko juu. Mashua ya mjomba usiitolee hata shilingi ya arubuni kwa sasa. Na kwa haya uliyoandika, mimi ningechukua ngalawa, ila nayo si kwa kufumba macho.

Tuanze na fedha maana ndiyo iliyokuandikisha barua. Ukitoa milioni tatu na laki nane unabaki na laki mbili. Hizo laki mbili zitaileta mashua kutoka Pangani, zitanunua kamba, nanga na mnyororo wake, majaketi ya kujiokolea ya watu wanne, pamba ya kukalafati (kuziba nafasi kati ya mbao), na mkono wa fundi. Hazitoshi, na wewe hesabu unaijua. Chombo kilichotumika hununuliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mwenyewe, mara ya pili kwa fundi. Mtu mwenye milioni nne asitazame chombo cha zaidi ya milioni mbili na nusu, hata kiwe kizuri kama bi harusi.

La pili umelipitia haraka mno. Umesema mashua ilikuwa ya marehemu baba yake mjomba. Je, marehemu aliacha watoto wangapi? Ana mjane? Mirathi imegawanywa? Mama mkwe wako, kama baba yao ni mmoja, naye ana fungu lake humo. Mjane, kwa mirathi ya Kiislamu, ana thumuni yake, sehemu moja ya nane. Pwani yetu hii vyombo vingi vya urithi vinakaa mikononi mwa kaka mkubwa kwa sababu ndiye anayekwenda baharini, na ndugu wote wananyamaza. Siku fedha ikitajwa, kila mtu anakumbuka fungu lake. Hutagombana na mjomba peke yake, utagombana na ukoo mzima, na mkeo yuko katikati. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mbao, uliza nani msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hayupo, basi warithi wote watie saini kwenye serikali ya kijiji au mtaa, mbele ya mashahidi, kwamba wanauza, kwa bei gani, na nani anapokea fedha. Kama hata hilo haliwezekani, habari imeishia hapo na wala hujamtukana mtu.

Na hapa ndipo utakapopata njia ya kupita kwenye lile la heshima. Mkwe huwezi kumchokonolea mashua yake kwa kisu ukiwa umeinama mbele yake. Hata mimi nisingethubutu. Mtumie mshenga. Mtafute mtu mzima anayeheshimika na pande zote mbili, ikiwezekana mzee wa Pangani aliyewahi kuwa baharia, amwambie mjomba maneno haya: "Mwalimu hana shaka na wewe. Yeye ni mtu wa bara, chombo hakijui, na watoto atakaowapandisha ni wajukuu wako. Fundi anakuja kumfundisha yeye, si kukuhoji wewe." Hilo la wajukuu lisemwe, tena lisemwe mwanzo. Siku ya ukaguzi wewe kaa na mjomba barazani, mnywe kahawa, fundi afanye kazi yake huko mkunguni. Fundi awe wako, umlipe wewe, na asiwe ndiye aliyeipaka ile rangi.

Sasa hiyo rangi. Mtu anayeuza chombo kilichokaa nchi kavu tangu kusi la mwaka jana, akaanza na rangi kabla ya kalafati, ama hajui kazi ama anaijua sana. Simhukumu mkweo, huenda alitaka tu ipendeze. Lakini rangi ndiyo pazia la kwanza la ubao mbovu, na fundi wako kazi yake ni kulifunua.

Mwambie aanze chini, kwenye ubao unaopakana na mkuku, ule mti wa chini ulio uti wa mgongo wa chombo, kwa sababu huko ndiko chombo huanza kufa. Aupige kwa mpini wa bisibisi, shubiri kwa shubiri, kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu, ulioliwa huitika kwa uzito na kuziba. Akipafikia mahali panapoitika hivyo, au rangi ilipotuna kidogo, achome kwa ncha ya kisu. Yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao huingia akiwa mdogo mno, tundu lake kwa nje halizidi la pini. Halafu anakulia humo humo, anachimba njia inayofuata ubao na kuipaka kuta zake kitu cheupe mfano wa chokaa. Ndiyo maana unaweza kuona ubao laini, una rangi inang'aa, kumbe ndani ni mapango matupu. Kisu kikizama bila kugomba, au vumbi jeupe likitoka, fundi aweke alama ya mkaa aendelee. Ubao mmoja au miwili hubadilishwa. Mkuku wenyewe ukiwa umeliwa, mshukuruni mjomba kwa kahawa mrudi Tanga. Kubadilisha mkuku ni karibu na kuunda chombo upya.

Muulizeni pia mara ya mwisho ilichomwa lini. Wazee walikuwa wakikipandisha chombo pwani, wakakichoma tumbo kwa makuti makavu ili waue wadudu, kisha wakakipaka deheni, chokaa iliyokorogwa na mafuta. Wengi bado wanafanya hivyo. Anayekijali chombo chake atakwambia mwezi na hata jina la aliyeshika mwenge. Anayesema "siku hizi rangi inatosha" amekwisha kukujibu.

Baada ya nje, ndani. Wengi hawaangalii ndani kwa kudhani hatari ya chombo ni bahari. Kwa kuoza, maji ya mvua ni mabaya kuliko maji ya chumvi. Mashua iliyokaa mwaka mzima chini ya mkungu bila kufunikwa imenywa masika na vuli, na yale majani mapana yaliyoanguka humo yamefunika unyevu. Fundi ang'oe mbao za kukanyagia, afagie, aangalie vichwa vya mataruma, zile mbavu za chombo, na ile pembe ya ndani kule omoni. Abonyeze kwa dole gumba. Taruma linalobonyea halishiki msumari. Na misumari yenyewe ina yake ya kusema: machozi ya kutu yanayoshuka kwenye ubao yanaonyesha msumari unaoliwa, na ukiona msumari mpya umepigiliwa vidole viwili kutoka kwa wa zamani, na mwingine tena pembeni, ujue ubao ule umechoka kupigiliwa.

Yote yakiwa mema, mashua iingizwe majini. Hapa usije ukaogopa bure. Chombo kilichokauka mbao zake zimesinyaa, siku ya kwanza lazima kivuje, hata kiwe kizima namna gani. Kiache kielee siku mbili tatu mbao zinywe maji, zivimbe, zikazane. Kisha nenda alfajiri, kabla mtu hajayatoa maji yaliyoingia, uangalie mwenyewe ngamani, kule chini yanakokusanyika. Maji kidogo ya kukumba kwa kata mara chache hayana neno. Yakifika kifundo cha mguu baada ya siku zote hizo, kalafati imeshindwa au kuna kitu rangi inakificha. Na jaribuni tanga alasiri yenye upepo, si asubuhi kumetulia, mkibisha pande zote mbili, huku fundi amekaa sakafuni akitazama mahali mlingoti unapokaa na pale mbao zinapokutana na mkuku. Chombo kinachovuja kikilala upande mmoja tu kinakuonyesha ubao wenye kasoro uko upande gani.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanafaa kwa chombo chochote cha mbao, si kwa cha mjomba peke yake. Lakini hata mashua hii ingefaulu yote, bado nisingekushauri uanze nayo. Futi 22 si za mwalimu na watoto wawili. Tanga letu la pembetatu linaning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu unaoinuliwa mlingotini, na ukitaka kugeuza upande lazima foromali izungushwe kupita mlingoti, joshi, pembe ya mbele ya tanga, lihamishwe, demani ipitishwe upya, yote hayo chombo kikiwa kinayumba. Kwa mashua ya kiasi hicho, kwenye upepo wa kusi, unahitaji wanaume wawili watatu wanaojua wanachofanya. Maana yake kila Jumamosi utakuwa unatafuta mabaharia, unawalipa, unawalisha, na safari yako ya mapumziko imeshakuwa ajira ya watu. Nimewaona waliokwama hapo. Mashua inabaki nanga imetiwa, inaota majani tumboni, mwenyewe anaiangalia kutoka barabarani.

Ngalawa unaipandisha pwani kwa msaada wa watu wawili au watatu. Foromali yake unainua mwenyewe. Na hiyo ya jirani ina sifa ambayo haipatikani Pangani: umeshaipanda. Unajua inavyobisha, unajua inaingiza maji kiasi gani, na muuzaji anaishi nyumba ya pili. Mtu hamuuzii jirani wa kila siku kitu kibovu kirahisi. Rangi iliyobanduka kwangu ni nafuu, maana unaona mti wenyewe.

Hata hivyo fundi aje. Ngalawa nyingi huchongwa kwa mwembe, mti laini unaochongeka upesi na kuoza upesi. Aangalie omo na tezi, ambako nyufa huanzia, na popote palipozibwa kwa kipande cha bati na lami abandue aone kilichomo. Marengu, zile mbao mbili za pembeni zinazoishikilia isipinduke, ayatikise kwa nguvu. Fungo zikilegea ni kazi ya jioni moja kufunga upya. Mti unaobeba marengu ukiwa na ufa, ubadilishwe kabla hujapanda. Kwa hapo utatumia laki mbili tatu, na bado utakuwa na fedha ya kununulia majaketi mazuri, si yale ya kuwaonyesha askari. Bei ya laki tisa usiikatekate sana. Afadhali umwombe akuachie nanga, kamba na makafi, na muwekeane sharti kwamba atatoka nawe mpaka atakapochoka kukupigia kelele.

Karatasi. Nenda naye ofisi ya TASAC, Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, hapo hapo Tanga. Ndio wanaoshughulikia usajili wa vyombo vidogo Tanzania Bara tangu 2018, walipochukua kazi ya majini iliyokuwa ya SUMATRA, ile mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini. Waeleze wazi kwamba ni chombo cha matembezi ya familia na si cha uvuvi wa biashara, na kama kilikuwa na leseni ya uvuvi ya halmashauri, jirani aifunge kwa jina lake. Andikianeni mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, namba ya chombo iandikwe humo, na kila mmoja abaki na nakala. Muulize pia kama hakukiweka rehani mahali kwa ajili ya hiyo hisa ya faiba. Swali hilo halina matusi, fedha ya hisa lazima ilitoka mahali.

Kuhusu tanga, lenye viraka linatosha kwa msimu wa kwanza. Livute kitambaa kwa mikono miwili karibu na pindo. Kikichanika kwa mkono kitachanika na kwa upepo. Pitisha kucha juu ya mshono. Uzi ukikatika, lishone upya tanga zima na usinunue jipya. Turubai la plastiki ni rahisi na jepesi, lakini jua hulila na hujivuta mpaka linapoteza umbo, kisha ngalawa inakataa kubisha, wewe unamlaumu msukani. Nguo nzito ya pamba hukaa vizuri zaidi, kwa sharti usiikunje ikiwa mbichi. Na kwa kuwa tuko Tanga utashawishika kununua kamba za katani. Nawaheshimu wakulima wetu, lakini kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, na kwa nanga nunua nailoni. Katani huoza ndani huku nje ingali nzuri.

Watoto nimewaacha kwa makusudi kwa sababu nilijua utayasoma haya mwisho. Usiwapandishe wote wawili pamoja mpaka umalize msimu mmoja. Mchukue mmoja, na mtu mzima wa pili anayeogelea. Anza wakati wa maleleji, Oktoba na Novemba, upepo ukiwa wa kubembeleza. Juni hadi Agosti kusi likikaza, kaa ndani ya ghuba, Toten inatosha, Ulenge iache. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isikilize usiku wa Ijumaa, na wakitangaza upepo mkali usiwe mjuzi kuliko wao.

Na mjomba? Mwambie ukweli ulio nusu ya heshima: mashua ni kubwa kuliko uwezo wako wa kuihudumia. Huo hauna uongo hata chembe. Kama ni nzima kweli atapata mvuvi wa kuinunua kwa bei ile ile ya mgeni.

Mashine ya kufunga nyuma, hapana. Tezi ya ngalawa ni nyembamba na haikuundwa kubebeshwa uzito ule, utaikuta imezama nyuma na kunyanyua pua mbele. Tena mashine iliyotumika ni soko jingine lenye ulaghai wake, tulizungumze siku nyingine. Nunua pondo refu, mti wa kusukumia chombo, na kafi la akiba. Upepo ukikatika jioni mkiwa bado nje, na maji yanajaa, yatawaingiza ghubani taratibu mkisaidia kwa kafi. Yakiwa yanapwa, tia nanga mahali pa kina kifupi, mpigie simu mkeo umwambie mtachelewa, msubiri maji yageuke. Kwa hiyo simu iwe na chaji, imefungwa ndani ya mfuko usioingiza maji, na chakula kiwe cha kutosha mara mbili.